Gari Lisilo na Tofali

Tarehe 6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na vumbi la machimbo halijakugeuza rangi. Sisi huku hatujambo. Baba ana kile kikohozi chake cha asubuhi, mwenyewe anasema anawasha injini. Shangazi bado ana ugomvi na jirani juu ya kamba ya nguo. Jirani alianika blanketi upande wa shangazi, na tangu siku hiyo hawasalimiani, ila kila mmoja anaimba kwa sauti akiwa uani kwake ili mwenzake asikie maneno. Mimi naona wanakosana, Baba anasema wanafurahi.

Mimi Kupe wako nimenenepa kidogo. Usicheke.

Sasa dada, kuna jambo dogo la gari. Limeanza kuinama mbele upande wa kushoto. Ukilitazama kwa mbali utadhani linamnong'oneza mtu. Nikikanyaga breki kwenye mteremko linapiga kong, halafu usukani unavuta kushoto kama una miadi huko. Najua wewe ukisikia sauti tu unajua ugonjwa. Niambie nianzie wapi.

Usiwe na wasiwasi, gari linafanya kazi kila siku na watu wote wanalisifia. Baba anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Kupe

*

Tarehe 27 Februari

Kupe,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa tangi la mafuta. Ndiye posta wetu huku, kwa sababu simu hazishiki. Nadhani aliikalia njia nzima, maana imekunjika na inanuka dizeli. Niko mzima. Mafundi wenzangu walizoea kuniita pale tu walipotaka mtu wa kuchemsha chai. Sasa wananiita lori likigoma, na chai wanachemsha wenyewe, mbaya kweli. Nalala chumba kimoja na mpishi ambaye anakoroma hadi bati linaitikia.

Mwambie shangazi ahamishe kamba, yaishe. Halafu mbona Baba hajaandika mstari wake? Kila barua huandika "Kula vizuri" pale chini, kwa zile herufi zake za kusimama kama nguzo za uzio. Niliigeuza karatasi nyuma na mbele nikitafuta.

Haya, gari. Nisikilize na usiruke hatua, maana nakujua. Liweke mahali tambarare, bila mzigo, tairi zote ziwe na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye bodi, kushoto na kulia. Ukishajua tofauti, ingia chini na brashi ya waya na tochi, usugue majani ya springi moja moja. Jani lililovunjika mara nyingi haliachani, limebanwa na wenzake, ila utaona mstari mwembamba unaong'aa au kutu mbichi. Ukiona yote mazima, shika macho ya springi, kule mbele na kule nyuma kwenye kishikio kinachobembea, uyatikise kwa mtaimbo. Bushi, ile mipira ya ndani yake, zikiwa zimekwisha utaona zinacheza. Halafu yubolti, zile nne zinazobana springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli inatembea unapofunga breki, na ndiyo hiyo kong yako.

Kitu kimoja usisahau. Bolti za macho ya springi usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Vinginevyo bushi zitajinyonga na utarudi kunililia mwezi ujao.

Lipende hilo gari, Kupe. Unajua niliokota chesisi yake kwenye majani na kila bolti niliitia kwa mkono wangu. Mkataba wangu ukiisha Desemba, ndilo litakalobeba vyombo vyangu na kunipeleka kwa wateja kule mlimani ambako gari la chini halifiki. Sina gereji nyingine wala mtaji mwingine. Ndilo gereji yangu.

Dada yako

*

Tarehe 25 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo tena. Tumefurahi kusikia unaheshimiwa huko. Nilisoma kile kipande cha chai kwa sauti, wote wakacheka. Shangazi amekataa kuhamisha kamba, anasema kamba ilikuwepo kabla ya jirani kuzaliwa. Jirani ana umri sawa na shangazi.

Baba macho yanamsumbua kidogo ndiyo maana hakuandika. Anakusalimu.

Nimefanya kama ulivyosema. Upande wa kushoto uko chini kwa vidole viwili. Nimesugua majani yote saba, hakuna lililovunjika. Bushi zinacheza kidogo tu. Ila yubolti, dada, zinanishinda. Nakaza asubuhi, gari likirudi kutoka mteremkoni zimelegea. Nimezikaza hadi moja imeanza kuvua nyuzi. Na lile tofali la kushoto limeanza kuchomoza pembeni, linasukumwa nje pole pole kama jino la mtoto. Nilipolichungulia niliona kichwa cha senta bolti, ile inayofunga majani katikati, kimekatika. Nikainuka haraka nikajigonga kwenye bomba la moshi, nina nundu mpaka leo.

Nilikuwa nafikiri nilichomelee tofali kwenye ekseli, liwe kitu kimoja. Au niongeze tofali la pili juu yake upande huo ili gari lisimame sawa. Unasemaje?

Mdogo wako,
Kupe

*

Tarehe 9 Aprili

Kupe,

Natumaini macho ya Baba yanaendelea vizuri. Mnunulie miwani.

Tofali gani?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Gari langu halina tofali. Nililiinua kwa kutoa springi chini ya ekseli na kuziweka juu yake, na wewe ulikuwepo, ulishika upande wa pili wa springi ukauachia kwenye mguu wangu. Ukucha ule haujawahi kurudi vizuri. Na majani yake ni tisa, siyo saba.

Kuna mtu amegusa gari langu. Niambie ni nani na kwa ruhusa ya nani.

Maana tofali, kile kipande cha chuma cha kuongezea kimo, kwenye ekseli ya mbele ni mauti, Kupe, sikutanii. Ukifunga breki gurudumu linataka kusimama na gari linataka kuendelea, kwa hiyo ekseli inajaribu kujizungusha. Springi ikikaa moja kwa moja juu ya ekseli inaizuia. Ukiweka tofali katikati umeipa ekseli mkono mrefu wa kuisukuma springi. Ndiyo maana yubolti zinalegea na senta bolti imekatika kichwa. Siku moja tofali litaruka nje, ekseli itaondoka mahali pake, na usukani hautamsikia mtu. Siku hiyo itakuwa kwenye mteremko, kwa kuwa ndipo breki zinapofungwa.

Usichomelee. Usiongeze la pili. Gari lisitoke hapo lilipo.

Na ukiwa chini, nitazamie kitu. Ile alama yangu ya tindo niliyochonga kwenye jani la juu, upande wa kulia, bado inasomeka?

Dada yako

*

Tarehe 2 Juni

Dada yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena na tena. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu dereva wa tangi akapita mapema, halafu kalamu ikaisha wino. Unajua mambo yakiamua kuandamana.

Habari za huku ni nyingi. Shangazi na jirani wamepatana, sasa wanaimba pamoja na sisi ndio tunaoteseka. Paka wa shangazi amezaa kwenye kapu la nguo safi za jirani, na badala ya vita kukawa na amani, eti wamekuwa mabibi pamoja. Baba amepaka rangi mlango wa mbele, kijani. Yule muuza magazeti wa kona ameoa. Mvua imekuwa nzuri. Kiatu changu kimoja kimepotea na nashuku paka.

Kuhusu gari usihofu. Tofali niliweka mimi mwenyewe, dogo tu, kuongeza kimo. Tunalitumia kidogo kidogo, siyo kila siku. Ile alama yako ya tindo nimeiona, nimeifuta vumbi kwa kitambaa na inasomeka vizuri kabisa. Ilinikumbusha wewe.

Ninachoomba ni kimoja. Nipe urefu na unene wa yubolti zinazofaa kushika tofali lisitoke. Wewe ukitaja tu kipimo, mimi nitamaliza.

Mdogo wako akupendaye,
Kupe

*

Tarehe 15 Juni

Kupe,

Sijawahi kuchonga alama kwenye springi yoyote. Hakuna fundi wa springi anayefanya hivyo. Ukilikwaruza jani kwa tindo umelionyesha mahali pa kuvunjikia. Nilikuuliza ili nijue kama unalala chini ya gari langu au chini ya gari la mtu mwingine, nawe ukaniambia umeifuta vumbi kwa kitambaa. Hicho kitambaa ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Uongo wenyewe ningeuelewa, lakini ulikaa chini ukaupamba.

Nilimuuliza dereva wa tangi kama hupita mtaani kwetu. Akacheka, akaniuliza mbona nateseka machimboni wakati nina gereji yangu mjini. Nikamwambia anaota. Akasema ameiona kwa macho yake, ukuta wa bluu karibu na kituo cha mafuta, umeandikwa kwa herufi nyekundu DADA SPRINGI, TUNAINUA MAGARI. Alisema magari yalipanga foleni.

Dada Springi ni mimi. Mtaa mzima ulinipa jina hilo nilipokuwa nalala chini ya magari ya watu na wewe umekaa juu ya tairi ukila karanga zangu.

Gari langu liko wapi? Na hilo unaloniuliza tangu Februari ni la nani? Usinipe habari za paka. Mpaka nipate jibu, sitajibu swali lolote la springi, la yubolti wala la upepo wa tairi.

Dada yako

*

Tarehe 1 Julai

Dada,

Shikamoo. Nitaandika yote.

Gari liliuzwa. Ilikuwa miezi miwili tu baada ya wewe kuondoka. Watu walikuwa wanakuja kila siku wakiuliza yuko wapi yule dada wa springi, na mimi nachoka kusema hayupo. Siku moja nikasema, mimi ni mdogo wake, amenifundisha. Mtu akaniangalia kwa heshima, dada. Hujui ilivyo kuangaliwa hivyo ukiwa hujawahi. Akapita mgeni mmoja akalipenda gari, na mimi nilihitaji mashine ya kuchomelea na kompresa. Nilisema nitakutengenezea lingine kabla hujarudi. Bado nasema.

Baba alikuwepo. Alisema tu wewe ni mwelewa. Macho yake hayana tatizo. Kila nikimpa kalamu aandike mstari wake anasema atauandika kesho.

Siyo kwamba nilibahatisha kazi. Nilikuona. Ulipoliinua gari lile uliweka gogo la mti kati ya springi na ekseli, likakaa pale wiki nzima, gari likasimama juu likapendeza. Mimi nikaweka la chuma badala ya mti. Nimeinua magari ya watu hivyo, mbele na nyuma. Wakiwa na shaka nawasomea barua zako. Wanasikia unavyozungumza wanatulia.

Hili unalouliza ni la mwenye tanuri la matofali, lile la juu kileleni. Linashusha mzigo kila siku. Umesema hutajibu tena, na una haki. Ila anayeliendesha ni Baba. Alipata kazi hiyo Januari na sikutaka ujue. Nilimwambia apumzike kwanza, akasema gari lililoinuliwa kwa ufundi wa binti yake hawezi kuliogopa.

Nijibu, dada. Siyo kwa ajili yangu.

Kupe

*

Tarehe 5 Julai

Nimempa dereva barua hii mkononi na kumwomba asilale njiani.

Funguo za hilo gari zitoke mfukoni mwa Baba leo, kabla hujamaliza kusoma. Akikataa toa betri.

Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha egemeza chesisi kwenye vigingi vya chuma, usiamini jeki peke yake. Ekseli ishikwe na jeki ya pili. Fungua yubolti zote za mbele na uzitupe. Yubolti ikishavutwa haitumiki mara ya pili, hata kama nyuzi zake ni nzuri. Toa matofali yote mawili. Siyo la kushoto tu. Weka senta bolti mpya pande zote mbili, na kichwa chake kizame kwenye tundu lake juu ya ekseli, kikae kabisa, ukiguse kwa kidole uhakikishe. Springi ikae juu ya ekseli bila kitu katikati. Funga yubolti mpya fupi, kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, ukizunguka zote nne. Shusha gari, litikise, ndipo ukaze bolti za macho. Tazama mipira ya breki kama ilivutika gari lilipokuwa juu, iliyopasuka badilisha. Safari ya kwanza bila mzigo na uendeshe wewe, siyo Baba. Ukirudi, kaza tena. Nyuma kama umepanga tofali juu ya tofali, toa yote. Gari litakuwa chini na mwenye tanuri atalalamika. Mwache alalamike.

Halafu uwaite wote uliowainulia magari, mmoja mmoja, ufanye hivyo hivyo.

Lile gogo lilikuwa la kupimia. Nililiweka nione kimo nikitakacho kabla sijakata na kuchomelea vikalio vipya vya springi. Lilikaa wiki nzima kwa sababu nilikuwa nasubiri chuma. Hukuniuliza. Ulikuwa umekaa pale, ungefungua mdomo tu ningekueleza, ningekufundisha kila kitu, kwa sababu nilikuwa nafikiri gereji itakuwa ya wawili. Umechukua ngazi ya fundi ukadhani ndiyo nyumba.

Nilikuita Kupe kwa sababu ulikuwa huniachi, kila nilipokwenda upo mgongoni. Nililipenda jina hilo. Sasa naliandika na siwezi kulitazama.

Mwambie Baba kwamba mimi si mwelewa. Aliposema mimi ni mwelewa alijidanganya. Nimeumia, na nimeumia zaidi kwake, maana wewe ulitaka sifa lakini yeye alinyamaza tu. Na asipande gari hilo kwa kuniamini mimi. Mimi sikuligusa.

Fundi

*

Tarehe 30 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nimefanya yote kwa mpangilio ulioandika, barua yako ikiwa imebandikwa kwenye mlango wa gari. Nilipofungua yubolti za kushoto tofali lilianguka lenyewe, sikulivuta.  Sasa gari limenyooka, halipigi kong, usukani unakwenda unakoelekezwa. Nililiendesha mimi kwanza bila mzigo kama ulivyosema, nikakaza tena niliporudi. Wenye magari mengine nimewaita. Wawili wamenitukana, mmoja amelia, mmoja bado simpati.

Dada, nimekukosea kosa kubwa. Kila jioni nikifunga gereji naliona jina lako ukutani na naona haya. Shangazi ameacha kunisemesha, yeye na jirani wote wawili, hata kuimba wameacha nikipita. Ukirudi utakuta kitanda chako kimetandikwa. Gari nitakutafutia, naapa, hata kama itanichukua miaka. Wewe ni dada yangu na sina mwingine.

Baba amesema nimpe kalamu. Haya ni maandishi yake:

Binti yangu, gari sasa limetulia. Kula vizuri.

Mdogo wako daima,
Kupe

Nyongeza: Kuna lori limeletwa juzi, springi zake za nyuma zinalia sana likipita kwenye mashimo, na mwenyewe amesikia kwamba wewe ukisikia sauti tu unajua ugonjwa. Nimemwambia asubiri wiki mbili. Nianzie wapi?

*

Tarehe 12 Agosti

Baba nimeuona mstari wako.

Kupe, umeniuliza tena uanzie wapi.

Anzia ukutani. Tafuta rangi ya bluu kama ya ukuta, kopo dogo linatosha. Kwanza likwangue jina langu kwa brashi ya waya, maana ukipaka juu ya rangi ya zamani nyekundu itajitokeza tena. Paka mara mbili. Ikishakauka vuka barabara, simama upande wa pili, utazame kama bado linasomeka. Likisomeka, rudia.

Kisha mwambie mwenye lori kwamba fundi hayupo.